Mafundo Matatu ya Padri

Juzi hapa mtaani Darsait nilimwona mtawa mwenye kanzu ya kahawia na kamba nyeupe kiunoni, nikakumbuka utotoni, Ijumaa moja baada ya misa. Ua wote wa kanisa ulinukia ubani. Mama alizoea kufunga fundo kwenye pindo la leso asisahau jambo, likiisha hulifungua. Kamba kama hiyo, kiunoni mwa Padri wetu, ilikuwa na mafundo matatu! Maskini, akumbuke mambo matatu peke yake! Nikamkimbilia, nikafungua moja.

"We Njeri! Achia kamba ya Padri!" Mama alipiga kelele.

Padri akacheka. "Mwache, Mama Njeri. Nifungie tena, mwanangu, nisije nikasahau."

Nikalikaza kwa meno. Leo najua mafundo yale ni nadhiri za wafuasi wa mtakatifu wa Asizi: ufukara, useja na utii. Sijui tu nilimfungulia ipi.