Siagi ya Maji ya Ziwa

"Dokta, umeniibia mama! Nitaita polisi, nitaita padri, nitaita na redio! Tangu asubuhi amekaa kwako sawa kuku ya mayai, hatoki! Duka yangu imefungwa kwa kumungoja, wateja wote wamehamia Goma, ng'ambo ya mupaka, watoto wangu watalala njaa mpaka Pasaka!"

Huyo ni Bahizi, muuza magodoro wa Mbugangari, amesimama kwa mulango wa klinike, jasho linamutoka. Daktari Cyuzuzo alimutazama tu huku anavuta pumzi, anaiachia pole pole. Ndiyo dawa anayopea wengine. Leo aliimeza mwenyewe.

"Punguza sauti, kaka Bahizi. Macho ya mama yako ndiyo kwanza yanaanza kulegea."

"Kulegea! Nilimupa godoro nene kuliko zote za duka, na hakulala! Mama ya muuza magodoro hana usingizi! Unajua namna wanacheka mi kule Mbugangari?"

Wanacheka, kweli. Tangu Bahizi amutoe mama yake muzee, mukecuru Mukankusi, kule Mudende kwenye ng'ombe wake na kumuleta mujini, mukecuru hakupata usingizi wa maana. Presha ikapanda, na vidonge vyake alikuwa anavificha chini ya lile godoro nene. Cyuzuzo aliona wazi: huyu mama asipolala na asipomeza dawa, siku moja moyo nao utafunga duka.

Musifikiri Cyuzuzo ni wa kubahatisha. Alikulia Mwanza, akasoma udaktari mpaka mwisho, na kipimo cha presha hakimutoki mukononi. Lakini aliona wagonjwa wengi, kidonge kinaingia tumboni, wasiwasi unabaki palepale. Basi akajifunza mambo ya pumzi, ya kutulia, ya sauti. Mwanzo alileta bakuli za shaba, unazigonga, zinaimba. Wagonjwa wakamuuliza chakula yenyewe iko wapi. Bon, akafungia bakuli kabatini, akatafuta igisabo, kile kibuyu kikubwa ambacho mama zetu wanatikisia maziwa mpaka siagi ije. Akakijaza maji ya ziwa. Kidonge kwanza, kisha mugonjwa analala kwa mukeka, daktari anatikisa: chubu, chubu, chubu. Maji yanaongea ndani ya kibuyu, ziwa linajibu kule nje, na mutu anaanza kuelea sawa mutumbwi, bila kujua amefungua kamba saa ngapi.

Kitu kimoja tu hakukijua, maana Mwanza mujini hakuna wa kumwambia. Kwa bibi zetu, ukishakaa mahali wanatikisa maziwa, hauondoki mpaka siagi ije. Ukiondoka kabla haijakuja, umeondoka nayo, wengine watatikisa bure. Na maji, hata uyatikise mpaka Yesu arudi, siagi haiji.

Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, Mukankusi alimeza kidonge bila kubisha. Akalala, akasikia kibuyu, na mara akawa Mudende: ukungu umekaa chini ya mulima Karisimbi, majani yamelowa, ng'ombe wanapumua mvuke gizani. Kisha kibuyu kikanyamaza.

"Tumemaliza, bibi," daktari akasema.

"Siagi imekuja?"

"Bado," daktari akajibu bila kufikiri.

"Basi hatujamaliza, mwana wangu." Akajilaza tena.

Na hivyo tangu asubuhi, daktari anatikisa, mukecuru anangoja siagi. Mukecuru ametikisa maziwa maisha yake yote. Kama hakusikia kwamba haya ni maji, labda hakutaka kusikia. Lakini Cyuzuzo hakuthubutu kumwambia. Akijua amedanganywa, vidonge vitarudi chini ya godoro.

Sasa Bahizi akaingia mpaka kwa mukeka. "Mama, twende! Siagi itatoka wapi, na ndani ni ma..."

Cyuzuzo akamusukumia kibuyu kifuani. "Tikisa."

"Mi? Hii ni kazi ya wanawake!"

"Leo ni kazi ya mtoto wake. Tikisa."

Akatikisa kwa hasira, sawa mutu anafukuza panya. Toka kwa mukeka, macho yamefungwa, mama yake akasema: "Pole pole, Bahizi. Siagi si pikipiki ya teksi-moto."

Akapunguza. Chubu, chubu. Mabega yakashuka. Mwanga wa ziwa uliingia dirishani, ukacheza juu ya dari sawa kitambaa kinachofuliwa. Sauti hii Bahizi aliijua kabla ya kujua jina lake mwenyewe, amefungwa mugongoni kwa huyu mama, sikio limebandikwa kwa mbavu zake, siagi ikiwa bado mbali. Duka likasahaulika. Mukecuru akakoroma.

Cyuzuzo akazungusha kitambaa cha kipimo kwa ule mukono mwembamba, akapima, akatabasamu. Presha imeshuka.

"Dokta," Bahizi akanong'ona. "Amelala. Donc naweza kwenda."

Akaacha kutikisa. Toka usingizini, sauti ikapanda: "Siagi imekuja?"

Bahizi akarudia kutikisa haraka, kisha pole pole.

Cyuzuzo, mikono imechoka kutikisa tangu asubuhi, alivua koti jeupe, akalitundika, akavaa ndara.

"Dokta! We Dokta! Haya ni maji! Sasa mi natoka hapa namna gani?" Bahizi akanong'ona tena, anatikisa.

Cyuzuzo alikuwa amekwisha kushika njia ya kushuka ziwani, na hakugeuka.