Onyesha Ulimi, Mtani

Siku aliyofariki Bibi Chausiku, mwaka 1934, Tinde nzima ililia isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyetamani kulia kuliko wote. Mzee Nkwabi alikuwa mtani wake: yeye Msukuma, marehemu Mzaramo aliyeletwa na mume mfanyabiashara zamani za Wajerumani. Mtani akilia msibani badala ya kuchekesha, ni aibu ya kuhama mji.

Tena alikuwa ameahidi. Wiki mbili kabla, bibi alimwita kitandani.

"Mtani, nimewauguza watu wa hapa miaka ishirini. Sitaki kutolewa kimyakimya kama kifurushi cha posta. Wachekeshe. Ukilia, nitakutokea na kijiko."

"Kufa kwanza, ndipo utishe watu," alijibu Nkwabi, kisha akatoka nje, akainama kama anayefunga kamba za viatu. Hakuwa na viatu.

Kijiko hicho kilikuwa na mambo yake. Bibi aligawa vidonge vya kwinini dispensarini, na siku za mapumziko alizunguka vijijini navyo kikapuni, bila kutumwa na mtu. Nkwabi, aliyeogopa uchungu kuliko homa, alivificha vyake chini ya ulimi, akaenda kumpa fahali wake mgonjwa. Fahali akapona. Kwa furaha, Nkwabi akamswaga mpaka dispensarini.

"Mtani, huyu anaomba dozi ya pili."

"Asimame kwenye mstari kama wenzake," alisema bibi. "Haya baba, onyesha ulimi."

Fahali akautoa wote, akamlamba kuanzia aproni hadi kidevuni.

"Mmeona? Ng'ombe ana adabu kuliko mwenyewe."

Tangu hapo vidonge vya Nkwabi vilisagwa na kukorogwa kwenye maji, akanyweshwa kwa kijiko kikubwa cha mchuzi. Na hakuna mtu, hata wachimba dhahabu waliorudi na homa kutoka Nyarugusu, aliyepita mbele ya bibi bila kuonyesha ulimi.

Sasa jeneza lilipofika mlangoni, Nkwabi aliziba njia, aproni ya marehemu kiunoni, kijiko mkononi, chupa ya ile kwinini yake ya kukorogwa kwapani.

"Haendi mtu makaburini bila dozi! Mstari!"

Mwalimu Shaaban, aliyesalisha, akakunja uso. "Nkwabi, maiti hacheleweshwi."

"Kweli, Mwalimu. Basi anza wewe. Onyesha ulimi."

Miaka ishirini ya mazoea si mchezo. Kabla hajakumbuka cheo chake, Mwalimu alikuwa ameshautoa. Waliobeba jeneza nao wakapanua midomo. Uani vicheko vikapasuka, wanawake wakajifuta machozi kwa ncha za kanga, na Nkwabi akapita akiwachungulia makoo kwa ukali uleule wa bibi.

Mwishoni akamfikia Mwanne, mjukuu wa marehemu. Binti alimtazama kwa jicho la pembeni, lilelile la bibi yake.

"Onyesha..." Nkwabi alianza. Neno la pili likakwama. Kidevu kikaanza kutetemeka.

"Mtani analia!" alipiga kelele Maige, jirani aliyengoja siku hiyo kwa hamu. "Jamani, Nkwabi analia!"

Mwanne akamnyang'anya kijiko, akakijaza kutoka ile chupa. "Bado wewe, babu. Onyesha ulimi."

Akautoa. Dawa ikashuka. Uso ukajikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani, na machozi yakatiririka hadi ndevuni.

"Si nilisema analia?" alisema Maige.

"Halii," alijibu Mwanne. "Hiyo ni kwinini."

"Kali!" alinguruma Nkwabi. "Mayu, mama yetu, umekufa na bado mkali!"

Wakacheka mpaka jeneza likayumba. Nkwabi akakichukua tena kijiko, akasogea, likapita, naye akalifuata akibubujikwa na machozi njia nzima, na kila aliyemgeukia alimwonyesha kijiko. Arobaini ilipofika, kwinini ile ilikuwa bado haijamtoka.