Mwalimu Aliyekizunguka Kiti cha Mkuu

Miaka ishirini na mbili ya chaki ilikuwa imemkausha vidole, na wenzake walimwita Mama Taratibu, maana hata kengele ikilia, yeye humaliza sentensi yake kwanza. Alifundisha sayansi darasa la sita na hakuwa mtu wa makelele. Ndiyo maana siku aliyosimama ghafla katikati ya ukumbi wa kusahihishia mitihani, watu walidhani anaumwa.

Walikuwa walimu zaidi ya mia, sita sita kwenye kila meza, kila mmoja na kalamu nyekundu na bunda la karatasi. Siku ya tatu, meza yao ilipewa swali la ishirini na tatu, ambalo meza nyingine zilikuwa nalo tangu juzi: "Kwa nini tunaona upande mmoja tu wa Mwezi?"

Mtoto mmoja, asiyejulikana ila kwa namba yake, alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kubanana: "Kwa sababu Mwezi unajizungusha mara moja katika muda uleule unaotumia kuizunguka Dunia."

Mama Taratibu alitabasamu, kalamu ikashuka kuweka alama ya vema. Kisha akatazama mwongozo wa majibu: "Kwa sababu Mwezi haujizungushi."

Akasoma mara mbili.

"Dada, vipi?" aliuliza jirani yake, mwalimu kijana mwenye mizaha, waliyemwita Mcheshi.

"Mwongozo umekosea."

"Weka mkasi wa kosa, songa mbele. Kwani umeutunga wewe?"

"Na huyu mtoto?"

"Huyo mtoto hata hakujui."

Akafungua karatasi nyingine tatu. Mbili zilikuwa na jibu lilelile sahihi. Je, kwenye bahasha zilizokwisha kufungwa, ni wangapi waliokwisha kupewa sifuri? Lakini siku ya kwanza Mkuu wa ukumbi aliwasomea sharti: atakayebishana na mwongozo, abebe begi lake. Na mwaka uliopita kuna mwalimu alilibeba kweli, kabla ya chakula cha mchana.

Kilichomchoma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alifundisha kosa hilohilo miaka kumi na moja. Alilijua siku alipokuwa akiandaa somo nyumbani. Alimkalisha mdogo wake kwenye kigoda, akamzunguka huku amemkazia macho. Mdogo wake akacheka: "Dada, mbona umezitazama kuta zote nne, na unasema hukujizungusha?" Waliosoma kwake kabla ya siku hiyo walikwishatawanyika. Hakuwa na pa kuwapata.

"Liwalo na liwe," akanong'ona, akainuka.

Mkuu, mzee wa sura kavu aliyewahi kuwa mkaguzi wa shule, alikuwa mbele, kiti chake kikitazama ubao wa ratiba.

"Samahani, Mkuu. Jibu la ishirini na tatu si sahihi. Mwezi unajizungusha."

"Ungekuwa unajizungusha tungeuona mgongo wake. Rudi ukae, mwalimu."

"Nami nilisema hivyohivyo, miaka kumi na moja."

"Begi lako liko wapi?"

Kalamu zilisimama ukumbi mzima.

"Nipe dakika moja tu, Mkuu. Kisha nitalifuata mwenyewe."

Hakungoja jibu. Alisimama mbele ya kiti, uso kwa uso naye, akaanza kukizunguka kwa hatua za pembeni, macho hayabanduki usoni pake.

"Wewe ndiwe Dunia, mimi Mwezi. Umekiona kisogo changu?"

Mkuu aligeuza shingo kumfuata. "Hapana."

"Lakini uso wangu ulianza kwa kutazama walimu, ukaja madirishani, ukaja ubaoni, sasa mlangoni. Asiyejizungusha angezitazamaje pande zote nne? Sasa ona nisipojizungusha." Akazunguka tena, safari hii uso ukielekea ubaoni tu. Alipofika kati ya Mkuu na ubao, mzee alikuwa anatazamana na kisogo chake, nywele zilizosukwa na kola iliyochakaa.

"Mvutano wa Dunia uliupunguza Mwezi kasi ya kujizungusha tangu enzi na enzi," alisema akiwa amempa mgongo, "mpaka mizunguko yake miwili ikalingana muda."

Mkuu alivua miwani, akaivaa tena. "Wekeni kalamu chini," akasema, akatoka kwenda kupiga simu.

Dakika arobaini. Mama Taratibu hakujua akae au aende kulichukua begi, akabaki amesimama palepale. Mlango ukafunguka, Mkuu akaingia.

"Jibu limerekebishwa. Bahasha zote za swali hili zifunguliwe upya."

Ukumbi ukaguna kama ng'ombe mmoja. Siku mbili zaidi za kazi! Mchana hakuna aliyekaa naye ila Mcheshi. "Dada, wangekupata nje wangekutafuna mbichi," alisema, akamsogezea chumvi.

Mkuu alipita na sahani yake, akasimama. "Siku nyingine njoo ofisini, mwalimu. Usinizunguke mbele ya watu."

"Ofisini ungeniambia nikae, Mkuu."

Mzee aliguna tu, wala haikujulikana kama ni kicheko. Mwaka uliofuata, barua ya kuitwa kusahihisha haikumfikia. Mcheshi aliipata yake, akaenda, na jioni ya kwanza akampigia simu kumsomea mwongozo mpya wa majibu, swali baada ya swali, huku Mama Taratibu akimkatiza kila mara: "Hapo rudia. Taratibu."