Gari Lililozoea Mguu wa Mtu

Gari lilianza kunipiga teke msimu ule wa baridi ambao mume wangu alikuwa Morogoro. Asubuhi nikilitoa kwenye maegesho yetu hapa Farsta, ughaibuni, likitoka gia ya kwanza kwenda ya pili, linashtuka kama mtu aliyechomwa sindano. Nikikaribia taa nyekundu, teke jingine. Gari la otomatiki, gia linabadilisha lenyewe, halafu anayeambiwa hajui kuendesha ni mimi! Binti yangu, kiti cha nyuma, akasema kwa Kiswidi chake kwamba niliuze. Nikamjibu kwa Kiswahili anyamaze.

Kuliuza nisingeweza. Mume wangu alikwenda kumuuguza mama yake, akaniachia ufunguo na kauli moja: "Usiuze gari, narudi." Mama akapona, namshukuru Mungu, akawa anapika mwenyewe na kugombana na majirani kama zamani. Lakini baba watoto kila nikimuuliza habari za tiketi, mara ngoja mvua zipite, mara ngoja nimalize kupaua nyumba. Basi mimi nikaling'ang'ania lile gari. Nilijiambia gari likiwepo, mwenyewe atarudi. Mnicheke mkitaka, ndivyo nilivyoamini.

Nikampigia fundi, Mkongo mmoja wa Norsborg tuliyejuana naye kanisani, nikamweleza.

"Ile ni mafuta tu, mama," akasema. "Imepunguka. Ongeza mafuta kwanza, kisha unipigie."

Haya. Nikaenda kituo cha mafuta, nikajaza. Nikatoka pale kwa madaha, sijafika hata barabarani, teke! Nikampigia nimefura.

"Fundi, nimejaza mafuta mpaka juu na bado linapiga!"

"Mpaka juu? Ee Mungu! Mama, zima moteri! Usitembee tena! Ulitilia wapi?"

"Si kwenye tangi! Ulitaka nitilie wapi, kichwani?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao mafuta ni oili, na haya ya kutembezea gari wanayaita esansi. Kwetu Tanzania ukisema gari limepungukiwa mafuta, mtu anakwenda kujaza tangi, hana swali. Miaka yote tunaimba kwaya moja kila Jumapili, na hakuna aliyejua kwamba neno hilo kila mtu ana lake.

Jumamosi nikampelekea gari. Akaliinua, akachota oili ya giaboksi, nyeusi tii, inanuka kuungua. Akachomeka kikompyuta chake chini ya usukani, tukazunguka mtaa, yeye ananielekeza: kanyaga, achia, kanyaga polepole. Teke, teke. Akatikisa kichwa.

"Mwenye anaendeshaka hii gari ni nani?"

"Mume wangu. Mimi dukani tu na kurudi. Kazini naenda na treni."

"Ndiyo maana. Hii bwate," giaboksi yeye anaiita bwate, "iko na akili. Inashika mguu ya mwenye kuendesha. Bwana yako anakanyaga nguvu, ni vile?"

Ni vile, jamani. Mume wangu anaendesha kama anayefukuzwa, kioo wazi hata theluji ikianguka, mimi pembeni napiga kelele, "Baba, taratibu!" naye ndiyo kwanza anaongeza. Nilizichukia safari zile. Sasa nimesimama kwenye gereji inayonuka matairi, namtamani, natamani nikae tena kiti kile cha pembeni nimfokee.

"Nitatia mafuta mapya," fundi akasema. "Kisha nitafuta yote ilishika, ianze kujifunza mguu yako. Bila vile itaendelea kukupiga. Nifute?"

Nikamwambia subiri kwanza. Nikatoka nje, nikampigia mume wangu. Nilitaka akatae. Nilitaka aseme mguu wangu uacheni hapo hapo, nakuja. Nikamsimulia yote, hata ya kituo cha mafuta, akacheka kicheko chake kile kile. Nyuma yake nilisikia mafundi wakigongelea bati.

"Kwa hiyo ukirudi," nikasema, "litakuwa limeshakusahau. Nimwambie aache?"

Nyundo ziliendelea, nami nikaziacha ziendelee.

"Mama watoto," akasema mwishowe, kwa upole nisiouzoea. "Mwambie afute."

Sikumuuliza tena habari za tiketi. Nikarudi ndani, fundi ameketi kwenye gari ananisubiri.

"Futa," nikamwambia.

Njia nzima mpaka Farsta gia ziliingia laini, hata huzisikii. Nililia kuanzia Norsborg, na kila taa nyekundu nililingojea lile teke.