Mapigo Manane

Mwezi uliopita kiongozi wa besi wa kwaya ya zamani ya Baba alinipigia simu. Nilimjua kabla hajajitaja, maana hata akisema halo, halo yake inatoka chini ya sakafu. Aliniambia kwaya inafungwa. Wamebaki wanaume kumi na mmoja, wawili wanaimba wamekaa, na wameamua kufanya onyesho moja la kuagana kisha warudishe funguo za ukumbi. Siku hiyo alitaka watu wasikie sauti za wote waliowahi kusimama naye, moja moja, kutoka kwenye rekodi alizozitunza. "Ya baba yako ninayo," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Ile ya mwaka wake wa mwisho. Sauti safi kabisa. Mpaka leo sielewi ugonjwa uliingiaje haraka vile." Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa. Chai yangu ikapoa mbele yangu.

Ngoja nikupeleke kwetu, rafiki yangu, ndipo utaelewa kwa nini.

Nyumba zetu za Saltley, huku kwa Waingereza, zimeshikana ukuta kwa ukuta. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayemwombea rehema. Kila Jumamosi Bibi alinituma madukani Alum Rock Road kununua muhogo na bamia, na nikirudi nilikuta nyumba nzima inanuka nazi na karafuu. Baba alikuwa mkereza vyuma kwenye karakana moja kule Aston. Alikuwa na tabia ya kuimba na mashine, anaufuata mlio wake lakini kwa chini, chini kabisa. Mzee wa Kiingereza aliyekuwa kwenye mashine ya pili alimsikiliza mwaka mzima bila kusema neno. Siku moja akamwambia: Alhamisi njoo Great Barr, kwenye kwaya yetu. Huyo ndiye kiongozi wa besi.

Ilikuwa kwaya ya wanaume watupu, bila kinanda wala ngoma, mtindo wanaouita babashopu, yaani wa kwa kinyozi. Kundi moja linabeba wimbo wenyewe, teno wanapaa juu yao, baritoni wanaziba mapengo, na besi wanakaa chini wamebeba nyumba nzima. Bibi alipoonyeshwa picha yao aliicheka mpaka akafuta machozi. "Kwaya ya vinyozi, na mwenye nywele hamna!" Kisha akakunja uso. "Na kanisani unafuata nini, wewe mtoto wa chuo cha Kurani?"

"Ukumbi wao tu, mama. Kwaya wanaukodi," Baba alimjibu.

Bibi akaguna. Lakini kizibao chekundu cha mashindano alikishona yeye mwenyewe, na vifungo akavikaza mara mbili.

Alhamisi nyingine Baba alinichukua. Ukumbi ulinuka nta ya sakafu na biskuti, na barabara ya M6 ilinguruma nyuma ya ukuta bila kupumzika. Mwalimu wa kwaya alipuliza kifilimbi chake cha duara kuwapa noti ya kuanzia, wanaume arobaini wakavuta pumzi, na kazi ikaanza: mstari mmoja mara ishirini, tabasamu, nyusi juu, tena. Sasa sikiliza. Sauti nne zikipatana sawasawa, inatokea ya tano. Hakuna anayeiimba. Ni nyembamba, inatoka darini, na mwalimu akiisikia anafumba macho. Wenyewe ndiyo wanayoitafuta wiki kwa wiki, na majaji wa mashindano wanaitafuta pia. Mimi ilinisimamisha vinyweleo.

Nilipomsimulia Bibi aliacha kuchambua mchele. "Sauti isiyo na mwenyewe," alisema, "siku moja itamtafuta mwenyewe." Akasoma alichosoma, akanipulizia kifuani, akarudi kwenye mchele wake. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Tangu siku hiyo sikuipenda tena.

Sauti ya Baba ndiyo niliyoipenda. Asubuhi kabla ya kazi aliijaribu sebuleni kwa noti moja ya chini, na vikombe vya kahawa vya Bibi vilitikisika kabatini vikigongana. Bibi alipiga kelele kutoka jikoni, "Utanivunjia vyombo!" na Baba akashuka chini zaidi, makusudi. Ndivyo siku zetu zilivyoanza.

Kiongozi wa besi alikuwa na utaratibu wake. Miezi minne kabla ya mashindano, kila mmoja wa besi wake alijirekodi akiimba peke yake, akampelekea. Yeye aliisikiliza kila rekodi na vipokea sauti masikioni, akamrudishia mtu maoni yake. Asiyepita hapandi ngazi za jukwaani. Na alikuwa na sheria moja ambayo hata mimi niliijua kwa moyo: sauti ikikwama zaidi ya wiki tatu, usije kwangu, nenda kwa daktari, na ukirudi uje na barua yake. Kwa sheria hiyo alishawahi kuwaondoa watu wawili jukwaani. Mmoja alimnunia mwaka mzima, kisha akaja kumshika mkono, maana daktari aliuwahi ugonjwa.

Majira yale ya baridi sauti ya Baba ilikwama. Mama alisema ni baridi. Bibi alichemsha tangawizi na mdalasini na asali, nyumba ikanuka dawa kutwa. Wiki tatu zikapita, zikapita sita. Asubuhi Baba aliacha kuvijaribu vikombe. Mazoezini nilimwona anafungua mdomo tu. Katikati ya wanaume arobaini, nani atajua? Nilijua mimi. Zamani, alipoimba kweli, kidevu chake kilizama na mshipa wa shingo ukasimama, na siku hizo shingo ilikuwa imelala kimya. Nilimwangalia, naye akaniangalia, tukarudi nyumbani tunazungumzia mpira.

Jumapili moja asubuhi akaingia kwenye kijichumba cha chini ya ngazi, kati ya makoti, ili mwangwi usimsumbue. Mwaka ule mwalimu alikuwa amerudia wimbo wa mwaka uliotangulia, kwa kuwa walishindwa kwa alama chache. Wimbo unaishia kwa noti moja ndefu ya besi, mapigo manane. Nilikaa nje ya mlango nikihesabu. Moja, mbili, tatu, kikohozi. Akaanza upya. Moja, mbili, tatu. Akarudia mara sita, akatoka amelowa jasho, na nyuzi za makoti zimemganda usoni. Akanipa simu yake, maana barua pepe zote za nyumba ile nilizituma mimi.

"Baba, ni-send ipi? Ziko six."

"Chagua iliyo nzuri kuliko zote, mwanangu."

Nikasikiliza zote sita. Kisha nikateremka chini kwenye simu, nikaikuta ya mwaka uliopita, wimbo uleule, sauti inatoka ardhini. Hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote. Nikaituma.

Sitajisafisha mbele yako. Mashindano mwaka ule yalikuwa kwenye mji wa baharini, na familia zilialikwa. Nilitaka kupanda lile basi la kukodi. Na nilitaka kumwona Baba na kizibao chake. Yote mawili ni kweli, na sijui lipi lilizidi.

Maoni yakarudi baada ya siku tatu. Nilimsomea Baba mezani: *Noti ya mwisho umeishika mapigo yote manane. Safi. Umepita.* Baba alikuwa anamenya chungwa. Akasita kidogo, akaniangalia muda mrefu, akasema, "Haya." Akanigawia nusu ya chungwa. Nilidhani nimemdanganya.

Tukaenda mwezi wa tano. Mkate wa kumimina wa Bibi ulipita mkono kwa mkono ndani ya basi, na wazee wenye vipara walifumba macho kwa utamu wake. Bahari ilikuwa ya kijivu, na upepo wake ulikata masikio. Ukumbini nilikaa safu ya tatu, nimemshika Mama mkono. Wakapanda ngazi, arobaini, vizibao vyekundu, Baba wa pili kutoka mwisho. Waliimba vizuri kuliko nilivyowahi kuwasikia. Na kwenye noti ya mwisho ile sauti ya tano ikaja, juu kabisa ya ukumbi, safi kuliko siku zote, watu wakaanza kusimama kabla haijaisha. Mimi nilikuwa nikitazama shingo ya Baba. Haikutikisika. Nilipiga makofi, na maneno ya Bibi yananipigia kelele kichwani.

Mwezi wa sita alikohoa damu kwenye sinki. Hospitali tulikwenda sote. Daktari alisema ni saratani ya koo, kwamba kisanduku cha sauti lazima kitolewe chote, na kwamba tungekuja majira ya baridi pengine mionzi peke yake ingetosha na sauti ingebaki. Bibi akanivuta shati. "Anasemaje?" Nikamtafsiria. Ile sentensi ya mwisho niliiruka.

Baba yu hai, namshukuru Mungu kila siku. Anapumua kwa kitundu cha shingoni, na akitaka kusema anakiziba kwa kidole, maneno yanatoka yakikwaruza. Bibi alifariki bila kujua. Mimi niliolewa, nikahama, na zile rekodi sita, nilizozichukua kwenye simu ya Baba, nikazihamisha simu hadi simu bila kuzifungua.

Baada ya ile simu nilikwenda Saltley. Baba alikuwa sebuleni. Sikuweza hata kuvua koti. "Baba, ile rekodi… sikui-send yako. Nili-send ya mwaka wa nyuma."

Akakiziba kitundu. "Manane," alisema. Akapumzika. "Mimi nilishika matatu. Ulidhani sijui kuhesabu?" Nikaanza kulia. Akapumzika tena, akakiziba. "Nilitaka kwenda. Wewe ulikuwa mtoto. Mimi sikuwa mtoto."

Akaomba aisikie ile ya kweli. Tukaisikiliza pamoja, yule mtu kati ya makoti: moja, mbili, tatu, kikohozi. Alitikisa kichwa, akanionyesha simu kwa kidevu: mpelekee. Nikamtumia kiongozi wa besi ileile, bila neno lolote, kama zamani. Jibu lilikuja kabla chai haijaiva, mstari mmoja: *Huyu nisingempandisha.*

Baba aliusoma mara mbili, akanirudishia simu, akaenda kumenya chungwa.

Onyesho la kuagana ni Jumamosi ijayo, na nitakwenda naye. Ukumbi wa Great Barr utapewa watu wengine, na ile sauti ya tano sitaitamani. Ninayoitamani ni ile ya asubuhi. Vikombe vya Bibi bado vimo kabatini, nilivifuta vumbi mwenyewe siku ile nikimsubiri Baba arudi na chungwa. Nilivitazama, na hakikutikisika hata kimoja.