Bendi ya Mkunjo Mmoja na Wanga wa Muhogo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Mgongo wima, na hivyo vidude vya masikioni vitoeni, maana maneno yangu hayaingii huku kitu kingine kinaimba humo ndani. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona mahali nimekosea kuandika, nyamazeni muendelee. Wenzangu wa rika langu watanielewa.

Sisi tulipokuwa wadogo, Tanga, Ngamiani, mtoto hakuwa na muziki wa peke yake. Muziki ulikuwa wa nyumba nzima, na mara nyingi wa mtaa mzima, upende usipende. Kaka yangu alitengeneza gitaa kwa galoni la mafuta ya taa na nailoni ya kuvulia. Mdogo wangu alipiga makopo ya maziwa ya unga, na mimi nikapewa vifuniko viwili vya sufuria kwa sababu nilikuwa na nguvu. Tuliimba uani mama akikuna nazi, moshi wa kuni ukituingia machoni, na harufu ya mihogo inayoiva ikitufanya tuimbe mbiombio ili tuwahi kula. Mama hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa na sheria moja tu: "Pigeni mpaka mchoke, lakini atakayeharibu mpigo ndiye ataosha vyombo." Basi tulipiga kama askari wa gwaride. Kaka alikuwa na kidole kizito, akaosha vyombo utoto wake wote, na mpaka leo mkewe anafaidi.

Na nguo je. Usiku wa kuamkia Idi baba alikunja suruali yake akailaza chini ya godoro, akalala juu yake chali, asigeuke wala asikohoe, ili asubuhi iamke na mkunjo wa kukatia mboga. Mashati mama aliyatia wanga wa muhogo mpaka yakasimama yenyewe bila mtu ndani. Nyinyi leo suruali imeshuka mpaka inaomba msaada, mnakwenda harusini na kandambili, mkiulizwa mnasema ndiyo fasheni.

Haya ya utoto nimeyatanguliza ili mjue nilikoyatoa yale niliyoyafanya Doha.

Doha nilikuja miaka ile ya elfu mbili na kitu, mji wote umechimbwa kama inatafutwa sindano iliyopotea. Nilimfuata mwanangu Shabani, dereva wa hoteli moja Al Sadd. Tulikaa Abu Hamour katika vila iliyogawanywa vipande vipande, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mwingereza wa makamo, fundi wa mitambo ya baridi, jina lake Mista Roi. Kiswahili alikiokota Dar es Salaam alikokuwa akifunga mashine za barafu, na alikiokota bila kukipangusa. Jioni akitoka kazini alipiga gitaa la umeme. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, hata glasi zangu kabatini zikawa zinajua nyimbo zake.

Nikaenda kumgombeza. Akanikaribisha chai isiyo na tangawizi wala iliki, maji ya kusuuzia kikombe yale, akanionyesha picha za ujana wake. Ndipo nikajua kwamba naye alikuwa na bendi.

Enzi za ujana wake, vijana wa kwao walikuwa wamechafuka. Walichana nguo nzima kwa makusudi, wakajichoma pini za nepi mashavuni, na nywele ndizo hizi mnazoziita panki, zimesimama kama jogoo aliyeona nyoka. Muziki wao ulikuwa kupiga kelele na kutema mate. Roi na wenzake wawili wakasema sisi hapana. Wakafungua makabati ya kaka zao wakubwa, wakatoa suti nyembamba, tai nyembamba na viatu vinavyong'aa, wakavaa kama kaka zao walivyovaa zamani, wakapanda skuta zenye vioo vingi kuliko duka la kinyozi. Muziki wao nao ulikuwa wa mbio, lakini wamechomekea. Walianzia chumba cha kufulia cha mama yake Roi, wakapanda mpaka ukumbi wa wafanyakazi wa reli, na siku moja wakasikika redioni, mama yake akawa anasimamisha watu barabarani kuwapa habari. Kisha fasheni ikageuka, wakatawanyika. Jina la bendi yao kwa Kiswahili ni Mkunjo Mmoja, kwa heshima ya suruali.

Nilisikiliza mpaka mwisho, na kugombeza sikugombeza tena. Kijana anayetaka kufanana na kaka yake badala ya kumcheka, huyo naweza kukaa naye. Nilimwambia tu azime wakati wa adhana, na siku nyingine aje kwangu anywe chai ya watu.

Akaja, na akazoea. Ijumaa kwa Ijumaa akamfundisha Shabani gitaa la besi. Otieno, mlinzi wa geti letu, Mkenya wa Kisumu, akaleta ngoma alizonunua kwa mtu anayehama. Wakawa watatu, wakalifufua jina lile lile, Mkunjo Mmoja. Walipiga uani kwangu nikipika pilau, na mimi nikafufua sheria ya mama. Aliyeharibu mpigo alikwenda kwenye sinki.

"Mathe, mimi ni soja," Otieno akasema siku ya kwanza. "Soja haoshi sufuria."

"Soja gani anashindwa kuhesabu moja mbili?" nikamwambia. "Sabuni iko hapo."

Lakini aliyeosha kuliko wote alikuwa Mista Roi, maana alipenda kwenda mbio kama anakimbia mvua ya kwao. Alikunja mikono ya shati, akasugua ukoko kwa adabu. Nilimheshimu kwa hilo.

Ndipo ikaja harusi ya Zuhura, binti yangu wa mwisho. Alichumbiwa na kijana mzuri sana wa Mombasa, ila kijana alikuwa na mama. Bi Mwanamvua alikaa Al Wukair, nje kidogo ya mji, mwanamke wa dhahabu mkono mzima na marashi ya kumtangulia mlangoni. Tulikubaliana harusi iwe uani kwangu, na mimi nikaahidi kikundi cha taarabu kutoka Muscat. Wiki yenyewe ya harusi, viza za wale watu hazikutoka. Sijamaliza hata kusikitika, simu ikalia.

"Nasikia hamna ngoma huko," Bi Mwanamvua akasema. "Mwanangu hataoa kimya kimya kama kwamba yuwazika mtu. Mleteni bibi harusi huku kwangu Wukair. Ngoma zipo na kumbi zipo."

Binti kuozwa kwa mkwewe na mama yake yuko hai, ana ua na ana jiko, hiyo kwetu ni aibu ya kuzeeka nayo. Zuhura alilia mpaka hina ikaingia mashakani. Mimi nikamjibu mwenzangu simuni taratibu: "Bendi ipo, dada. Kutoka Uingereza."

Sikusema uongo. Mmoja alitoka Uingereza, mmoja hotelini, na mmoja getini.

Suti tatu zilishonwa na fundi wa Kipakistani, nyembamba kama za kwenye picha. Nikazitia wanga wa muhogo kwa mkono wangu. Fundi alisema suti haitiwi wanga. Fundi hakumjua Bi Mwanamvua. Nilizianika koridoni, zikasimama zenyewe, mjukuu wangu mdogo akapita akaziamkia shikamoo.

Nikawaita wote watatu. "Huu wimbo wenu wa kwanza unasema nini?"

"Mimi nangoja basi," Mista Roi akasema. "Basi hapana kuja. Mvua nakuja."

"Toa basi, tia mama mkwe. Jina lake ni Bi Mwanamvua. Mvua unayo tayari, utaongeza kidogo tu."

Siku ya harusi, baada ya Alasiri, ua wangu ulijaa kina mama na sare zao. Ulikuwa mwezi wa tisa, ule unyevu wa Doha unaokuvaa kama shuka mbichi. Wanaume wangu watatu wakatoka chumbani wakitembea kama milango.

"Bibi, mimi hawezi kaa," Mista Roi akaninong'oneza.

"Nani kakuambia utakaa? Utaimba."

"Na mimi je, mathe?" Otieno akauliza. "Hii suruali imekataa kukunjika. Nitapiga drum aje?" Tukazipandisha ngoma juu ya makreti ya soda, akapiga amesimama.

Bi Mwanamvua alikaa mbele kabisa, mrashi wa fedha wa kunyunyizia marashi mapajani, uso umefungwa kama benki ya Doha siku ya Ijumaa. Wimbo wa kwanza ukaanza, na Mista Roi, kwa hofu, akatoka mbio. Hakuna mwanamke aliyenyanyuka. Bega halikutikisika hata moja.

"Mbona hawa wapiga kama waliokurupushwa?" Bi Mwanamvua akauliza kwa sauti ya kusikika. "Mwambieni dereva wangu asizime gari. Huenda tukaenda na bibi harusi wetu."

Zuhura akaniangalia kutoka kitini pake, na wanja ulikuwa umeanza safari. Nilikwenda jikoni, nikabeba sufuria kubwa la pilau ya wageni, lenye ukoko wake wote, nikasimama nyuma ya watu na kuliinua juu ya kichwa changu ili Mista Roi alione vizuri.

Akaliona. Alipunguza mwendo hapo hapo, kama gari lililoona kamera. Otieno naye akakaa kwenye mpigo, Shabani akaweka besi chini kabisa, na ule wimbo wa mbio ukawa wimbo wa kiuno. Kina mama wakaanza kutazamana. Kisha likaja lile neno. Mista Roi akafumba macho, akapaza sauti yake ya Kiingereza: "Ooo, Bi Mwanamvuaaa."

Ua mzima ukageuka kumtazama mwenye jina. Mwenye jina alikaa kidogo, kwa sababu mtu hasimami mara moja. Halafu akanyanyuka na mrashi wake, akaenda kuwatunza. Na alikuwa mtu wa kutoa. Aliwamwagia marashi kichwani, mabegani, kifuani, machoni. Mista Roi machozi yakamtoka, kina mama wakasema jamani mzungu ana moyo, wakalia naye.

Sasa wanga, mnajua, ukikutana na jasho unalainika, ukikutana na marashi unakuwa uji. Maikrofoni ilikuwa moja, Roi na Shabani wameegemeana bega kwa bega waimbe pamoja, na uji ukashika. Roi akavuta kwenda kulia, Shabani akaenda naye. Shabani akavuta kushoto, Roi akaenda. Kila walivyohangaika kuachana ndivyo walivyozidi kuonekana wanacheza. Msichana mmoja akamshika mwenzake bega wakaiga. Wakaiga wengine. Kufumba na kufumbua ua wote unakwenda kulia na kushoto, wawili wawili, na mimi nikasikia bega zito la mkono wa bangili likinigonga langu.

"Hebu mwambie huyo mzungu wako arejee hapo penye jina langu," akasema Bi Mwanamvua.

Akarejea. Akarejea tena mpaka sauti ikamkauka. Dereva wa Wukair alizima gari akaletewa sahani, na binti yangu alitoka katika ua wangu mwenyewe, na mumewe, kwa vigelegele vya mama zake wawili.

Wapo wanaosema wanga ulizidi. Wanga ulikuwa sawasawa. Marashi ya Mombasa ndiyo yalikuwa mengi.

Baada ya hapo kila harusi ya Waswahili ilitaka Mkunjo Mmoja, Al Sadd, Al Wukair, kote, na sharti waimbe wamegandana. Vikundi vingine vikaiga vikatumia gundi ya dukani, wakararua mashati, wakaacha. Mista Roi alisema hata kwao hakupata kupendwa namna ile, na hata siku moja hakuacha kuosha sufuria alipokosea.

Siku hizi hayo hayapo. Otieno mkataba uliisha akarudi Kisumu. Mista Roi alistaafu, na siku ya kuondoka aliniomba kifurushi cha unga wa muhogo. Vila ile imevunjwa, na pale palipokuwa jiko langu panapita barabara ya njia nne. Tumehamia Al Wukair, mtaa mmoja na Bi Mwanamvua, ambaye sasa miguu inamsumbua lakini bado anadai nyimbo zirejewe penye jina lake. Majuzi Shabani alinionyesha video kwenye simu. Mista Roi yuko kwao na wale wenzake wawili wa zamani, vichwa vimekuwa vyeupe, suti nyembamba matumbo si membamba, wanaimba bega kwa bega hawaachani. Niliitazama, nikamrudishia simu, nikasema macho yananiwasha.

Nikageuka sebuleni. Wajukuu wangu wote walikuwepo, kila mmoja pembeni yake, kila mmoja na muziki wake sikioni, vichwa vinatikisika kila kimoja kwa mpigo wake, na nyumba kimya kama hakuna watoto. Sisi tulikuwa na galoni moja, likatosha mtaa mzima.

Basi nikawaambia: "Simu zote kwenye kapu la vitunguu. Shabani, shusha gitaa kabatini. Nyinyi wawili leteni makopo, na vifuniko vya sufuria nipeni mimi. Tunaanza sasa hivi, pole pole, na atakayeharibu mpigo ataosha vyombo vya leo."