Viazi Vichungu Nilivyomwachia Mwizi wa Blogu Yangu

Admin, nifiche kabisa, maana Garsen tunajuana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na tisa, sijaolewa, nalima na mama yangu huko kijijini Wema, kando ya mto Tana, na nina blogu ninayoandika mambo ya kwetu: mpunga, ndizi, samaki wa mtoni, mapishi ya mama. Nawaandikia nikiwa na hasira, sitawadanganya. Sijui hata kama nataka ushauri au nataka tu mtu aniambie endelea.

Blogu yangu ilikuwa inasomwa na binamu zangu tu, mpaka nilipokutana na huyu mwanamke. Nitamwita Delila, mnaojua Biblia mtaelewa. Alikuja Garsen kumfuata mumewe aliyehamishiwa kazi, amelelewa Mombasa, ana blogu yake ya mapishi na simu inayopiga picha mpaka ugali unapendeza. Alinipokea vizuri, hilo sitamnyima. Akaniingiza kwenye grupu la wanablogu wa huku, akanifundisha desturi yao: mwenzako akichapisha, unaenda kwake, unasoma, unaacha maoni ya maana, kisha kwako unaweka linki yake, naye anakufanyia vivyo hivyo. Nilifanya kwa moyo wote. Wasomaji wakaanza kuja, hata wa mbali kule Nanighi, wananiuliza maswali ya mpunga. Nilikuwa nasoma maoni shambani nacheka peke yangu, mama ananiuliza, "We, wazungumza na nani?"

Basi siku moja Delila akaniambia, "Mpenzi, blogu yako ina maneno mazuri lakini sura hapana. Nipe neno la siri nikupambie." Nikampa. Hapo ndipo nilipojikaanga.

Mjue mimi naandikia shambani. Mtandao wa kule huja ukijisikia, kwa hivyo naandika kidogo kidogo, nahifadhi ndani ya blogu, halafu nikienda Garsen siku ya soko ndipo nachapisha. Delila akawa anaingia, anasoma zile ambazo bado hazijatoka, anazitoa kwake kabla sijafika sokoni. Ile ya mama yangu kupika samaki ndani ya majani ya mgomba, akaandika "mama yangu" bila haya. Mimi nikichapisha yangu, naonekana ndiye mwizi. Grupu zima likanirukia. Mmoja akaandika, "Dada, tafuta vitu vyako, wacha kuramba sahani za wenyewe." Na Delila, mnajua alisema nini? Alinitetea! "Jamani msimseme, ni mtu wa shamba, hajui sheria za kuandika. Mimi nimemsamehe." Kisha wakanitoa.

Amenisamehe! Yeye! Nililia mpaka mama akadhani kuna msiba.

Nilipotulia, sikubadilisha neno la siri. Nilimwachia mlango wazi makusudi. Nikaandika kuhusu viazi vya porini, vile ambavyo watu wetu huchimba mto ukifurika na kubeba mashamba. Ni vichungu na vina sumu. Unavikata, unachemsha, unamwaga maji, unachemsha tena, unamwaga tena, mpaka uchungu wote uishe. Kwetu hata mtoto anajua. Nikiwa mdogo jirani yetu alizidiwa na njaa, hakungoja, akabebwa hospitalini akitapika, hajitambui. Mimi nikaandika vizuri kabisa, kwa mapenzi, yale mafuriko, mama na jembe lake lenye mpini uliofungwa kitambaa, na pale pa kumwaga maji sikupagusa. Niliandika, "Chemsha na tui la nazi, uchungu kidogo ndio utamu wake." Nikahifadhi, nikangoja. Haikuchukua muda ikatoka kwake.

Nilicheka, jamani. Nilitaka aonje mwenyewe jikoni kwake, tumbo limkate, ajue maneno ya watu si ya kuokota. Lakini sifa zimempanda kichwani. Ametangaza kwamba Jumamosi hii atapika viazi hivyo hapa Garsen, na grupu lote limealikwa. Wengi wao ni watu wa mjini, mto wanaujua kwa kuuvuka darajani. Viazi ameshachimbiwa, na aliyemchimbia hakuulizwa vinapikwaje. Wote walionitoa watakuwa mezani, na nikiri mbele yenu, moyo wangu uliruka kwa furaha. Waache wale, washibe.

Mpaka jana aliponiandikia dada mmoja, Hawa, wa mji wa Hola. Huyu ndiye pekee kwenye grupu ambaye hakunitukana, na aliendelea kuja kwenye blogu yangu hata wengine walipoacha. Ni mjamzito. Aliandika hivi: "Dadangu, ile ya viazi nimeisoma kwa Delila. Mimi si mjinga. Lile jembe la kitambaa nalijua tangu ulipoanza kuandika. Jumamosi nakuja, mimi na huyu wa tumboni. Nitakula chakula cha kwenu, halafu nitasimama niwaambie wote aliyeandika ni nani."

Tangu jana sijala. Nikimwonya Hawa peke yake, ataniuliza nimejuaje, na hatakubali wengine wale. Nikisema hadharani, Delila atamwaga maji, chakula kitaiva kizuri, atapigiwa makofi kwa mapishi ya mama yangu, mimi nibaki mwizi wa shamba. Na bado simwonei huruma. Nikimfikiria akisema amenisamehe, hasira inarudi upya.

Miezi hii yote nimetamani mtu mmoja tu asimame aseme maneno yale ni yangu. Sasa amepatikana, na atasema, wakiwa mezani au wakiwa wodini.

Simu iko mkononi. Niambieni ndugu zangu, nimpigie nani, na nianze na neno gani?